SOMO LA UFUNDI: KUTAFUTA PANE YA MIGUU YA NDEGE



Sisi watu wa Bunia tumezoea sauti ya ndege. Ikipita juu ya mabati wakati wa masomo, vichwa vyote vinageuka dirishani, na mwalimu anangoja kidogo. Wengi wetu tunatazama mabawa na moteri. Lakini leo tunataka mtazame chini ya tumbo, kwa miguu. Mtaona ya kwamba ndege nyingine zinapita na miguu inaning'inia, na nyingine haziko na mguu hata mmoja unaoonekana. Hizi za pili zimekunja miguu yao kama vile kozi anavyofanya akiisha kuruka.

Basi, siku moja miguu ile inakataa kushuka. Itafanywa nini? Hilo ndilo somo letu. Tumelichagua sababu njia ya kutafuta pane ya miguu ya ndege ni njia ileile ya kutafuta pane ya piki-piki, ya groupe ya umeme, au ya mashine ya kusaga mihogo. Tofauti ni moja tu: piki-piki ikiwa na pane unasimama kando ya barabara. Ndege haina kando ya barabara.

1. MIGUU YA NAMNA MBILI

Ndege za MAF, zinazojulikana sana hapa Bunia na kule Nyankunde, ni Cessna 206 na Cessna Caravan. Miguu yao haikunjwi. Lakini L-410 iliyotengenezwa na Wacheki, na Antonov 26, ambazo zote zimefanya kazi nyingi katika Kongo ya mashariki, zinakunja miguu.

Juu ya nini kukunja? Ni sababu ya upepo. Ukipanda gari na kutoa mkono nje, unasikia upepo unausukuma nyuma. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne, sababu inafuata mwendo ukizidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo ndege ya mbio inapoteza mafuta mengi ikiacha miguu inje.

Sasa mtauliza: kama ni vizuri hivyo, kwa nini Cessna za MAF hazikunji? Fikirini viwanja vya ndege vya vijijini: majani, mawe madogo, na matope wakati wa mvua. Mguu unaokunjwa unataka pompi, mabomba, nyaya, viungo na vifuniko. Matope yanaingia kila mahali pale. Tena vitu hivi vyote viko na uzito, na kila kilo ya chuma ni kilo moja ya dawa au ya mizigo inayobaki chini. Mguu usiokunjwa hauwezi kusahauliwa juu, wala hauwezi kukataa kushuka. Fundi mwenye akili hapendi kitu kwa sababu ni cha kisasa tu. Anauliza kwanza kitafanya kazi wapi.

2. NDEGE ILIYOJENGWA NYUMBANI

Katika nchi nyingine watu wanajenga ndege ndogo nyumbani kwao, ndani ya garaji. Mwaka 1953, huko Wisconsin katika Marekani, Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha wajenzi wa namna hii. Mwaka 1975 Burt Rutan alirusha ndege yake inayoitwa VariEze, na watu wengi wakajenga kama yake. Katika VariEze miguu miwili ya nyuma haikunjwi, lakini mguu wa mbele unakunjwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Hakuna pompi, hakuna umeme. Ikisimama chini bila mtu, mwenyewe anaukunja mguu ule, na ndege inapumzisha pua yake chini, kama mbuzi aliyepiga magoti kula majani.

Wajenzi wengine walitaka mwendo zaidi, nao wakakunja miguu yote mitatu kwa pompi inayozungushwa na umeme. Hapo ndipo kazi inakuwa kubwa. Ndege iliyotoka kiwandani iko na kitabu kinene kinachoonyesha kila waya. Ndege iliyojengwa nyumbani iko na kitabu kile tu mjenzi alichoandika mwenyewe. Kama hakuchora njia ya nyaya zake, siku ya pane atakuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana tunawaambia wanafunzi wa ufundi: ukifunga waya, andika. Usiseme, "Nitakumbuka."

3. NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Rubani anasukuma mkono mdogo wenye alama ya gurudumu. Mkono ule unapeleka umeme kwa pompi. Pompi inasukuma mafuta mekundu ndani ya mabomba, mafuta yanaingia katika silinda, na pistoni inavuta mguu juu au kuusukuma chini.

Hapa tunakutana na Blaise Pascal wa vitabu vyetu vya fizikia. Alionyesha ya kwamba nguvu tunayoipa maji au mafuta yaliyofungiwa inasambaa sawasawa pande zote. Tuseme pompi inatoa bari 70. Bari moja ni karibu sawa na uzito wa kilo 1 juu ya sentimeta mraba 1. Kama uso wa pistoni ni sentimeta mraba 5, basi 70 mara 5 ni 350. Pistoni ndogo kama kidole gumba kinene inasukuma kama uzito wa kilo 350! Kwa hiyo hapana kuweka mkono pale.

Katika ndege nyingi ndogo za namna hii, miguu ikiwa juu inashikwa na nguvu ya mafuta peke yake. Nguvu ile ikipotea, miguu inaanguka yenyewe kwa uzito wake. Mtu asiyefikiri atasema huo ni ubaya. Kumbe mjenzi alitaka hivyo kusudi: kama kitu kitaharibika, heri kiharibike upande wa usalama.

Miguu ikishuka, kiungo kimoja kinanyooka na kupita kidogo mstari wa katikati. Simama wima, magoti yamenyooka: unaweza kukaa hivyo muda mrefu sababu mifupa ndiyo inabeba uzito. Sasa kunja magoti kidogo tu: unachoka upesi. Mguu wa ndege ni vivyo hivyo. Ukinyooka kabisa, chuma kinabeba. Ukibaki umekunjwa kidogo, utaanguka ndege ikigusa chini, hata kama machoni unaonekana umeshuka.

Mguu ukinyooka kabisa unagusa swichi ndogo, na swichi inawasha taa ya kijani mbele ya rubani. Miguu mitatu, taa tatu. Shikeni neno hili: TAA SI MGUU. Taa ni shahidi tu. Shahidi anaweza kusema kweli, anaweza kukosea, na anaweza kunyamaza.

4. KUTAFUTA PANE NDEGE IKIWA CHINI

Kwanza ndege inainuliwa juu ya kriki zilizo imara, hata magurudumu yasiguse chini. Angalisho: kuna swichi inayozuia miguu isikunjwe ndege ikiwa imesimama. Juu ya kriki swichi ile inafikiri ndege iko hewani! Kwa hiyo, mbele ya kufungua umeme, mtu mmoja atazame kama mkono wa miguu uko chini, na mwingine afukuze watoto na watazamaji wote.

Pili, pima batri. Pompi inakula umeme mwingi. Batri dhaifu itakuonyesha pane kumi za uongo.

Tatu, tumia masikio. Sogeza mkono na kusikiliza. Kuna mambo manne:

(a) Pompi inanyamaza. Pane iko upande wa umeme. Anza na disjonkteri, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Halafu mkono wenyewe, halafu rele ya pompi, halafu swichi inayopima nguvu ya mafuta, halafu nyaya. Usisahau waya wa masi unaofungwa kwa mwili wa ndege. Kutu kidogo pale inatosha kufisha yote.

(b) Pompi inazunguka lakini miguu haitembei. Umeme uko salama. Pane iko katika mafuta. Yamepunguka? Hewa imeingia? Vali ya kushushia miguu wakati wa hatari imeachwa wazi? Hii ya mwisho inachekesha, lakini inatokea: mtu alijaribu vali, akaenda kunywa chai, hakuifunga.

(c) Miguu inatembea vizuri lakini taa haiwaki. Badilisha ampuli kwanza. Kama taa bado haiwaki, tazama kiungo: kimenyooka kabisa? Kama kimenyooka, ndipo urekebishe swichi ndogo. Kama hakijanyooka, usiguse swichi. Kuna mafundi wanaopinda swichi mpaka taa iwake, halafu wanasema, "Imepona." Hao ni kama mganga anayevunja kipima joto ili homa iishe.

(d) Miguu imekunjwa, inakaa juu, lakini kila dakika chache pompi inajiwasha tena. Maana yake nguvu ya mafuta inavuja. Ukiona tone jekundu chini, umepata: fuata bomba. Lakini kama hakuna tone, mafuta yanapita ndani kwa ndani, kupitia mpira wa kuziba uliochoka katika silinda, au vali isiyofunga vizuri. Hapo unaziba njia moja kwa moja: ziba silinda ya kwanza, ngoja, ziba ya pili, ngoja. Ile ambayo ukiiziba pompi inatulia, ndiyo yenye kosa.

Katika mambo yote haya kuna sheria tatu. Anza na kitu rahisi mbele ya kile cha bei kali. Badilisha kitu kimoja tu, halafu jaribu; ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichoponya. Na pane ikijiponya yenyewe, usifurahi: haikupona, imejificha.

Mwisho, ndege ikiwa bado juu ya kriki, jaribu ile njia ya hatari: kata umeme wa pompi, fungua vali, tazama kama miguu yote mitatu inaanguka na kujifunga. Halafu funga vali. Njia ya kuokoka isiyojaribiwa ni tumaini tu.

5. PANE IKITOKEA HEWANI

Sasa fikirini rubani anakaribia uwanja. Ameshusha mkono, na taa mbili zinawaka, ya tatu giza. Kazi yake ni hii, kwa utaratibu huu:

Kwanza, aendeshe ndege. Apande juu mahali pasipo na vilima wala ndege nyingine. Bunia yenyewe iko zaidi ya mita 1.200 juu ya bahari, na magharibi ya Ziwa Albert milima inapanda. Saa inayoonyesha kimo si kitu cha kusahau. Kama wako wawili, mmoja ashike ndege na mmoja tu atafute pane.

Pili, atazame mafuta ya moteri na saa, na kusema kwa sauti: "Tutatafuta dakika kumi na tano, basi."

Tatu, atafute mambo rahisi. Disjonkteri imejikata? Airudishe mara moja tu. Ikijikata tena aiache, sababu inaonya juu ya moto. Ampuli imekufa? Katika ndege nyingi ndogo, kama Piper Arrow, anaweza kuhamisha ampuli ya taa inayowaka na kuiweka mahali pa giza. Tena katika Piper Arrow hiyohiyo kuna mtego mmoja: ukiwasha taa za usiku, zile tatu za kijani zinapunguzwa nguvu zisimpige rubani macho gizani. Mchana, jua likiwaka, zinaonekana kama zimezimika. Watu wamehangaika sana kumbe ilitosha kuzima swichi moja.

Nne, kama bado, atumie njia ya hatari. Apunguze mwendo kwanza. Kutoka kilometa 200 kwa saa mpaka 140, nguvu ya upepo unaozuia mguu inapunguka karibu nusu. Halafu afungue vali, miguu ianguke. Anaweza kuyumbisha mkia kidogo ili upepo usaidie mguu ujifunge.

Tano, kama vyote vimekataa, achague uwanja mrefu wenye watu wa kusaidia, na atue kwa tumbo pole pole. Chuma kitaharibika. Watu, mara nyingi, watatoka na miguu yao wenyewe.

6. MAMBO MATATU YALIYOTOKEA

Haya yalitokea katika ndege kubwa, lakini fundisho ni kwa wote.

Tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines ya safari 401 ilikaribia Miami, Marekani, usiku. Taa ya mguu wa mbele haikuwaka. Walipanda mpaka mita 600 hivi na kuacha chombo cha kujiendesha kishike ndege. Wote chumbani wakaangalia taa. Hakuna aliyeona ya kwamba kile chombo kilikuwa kimeacha kushika kimo, na ndege inashuka taratibu. Iliingia katika mabwawa ya Everglades. Watu 176 walikuwa ndani, 101 walikufa. Baadaye ilionekana mguu ulikuwa umeshuka na kujifunga. Kilichokufa ni ampuli tu.

Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United ya safari 173, aina ya DC-8, ilifika Portland, Marekani. Mguu mmoja ulishuka kwa kishindo, na taa yake haikuthibitisha. Ndege ikazunguka karibu saa nzima huku wakijitayarisha. Wasaidizi wa kapiteni walitaja mafuta yanayopunguka, lakini hawakusema kwa nguvu, na kapiteni hakushika maana. Moteri zote zilizimika. Watu 10 walikufa kati ya 189. Miguu ilikuwa imeshuka. Baada ya hapo kampuni za ndege zilianza kufundisha jambo jipya: mdogo aseme wazi, na mkubwa asikilize.

Tarehe 1 Novemba 2011, Boeing 767 ya kampuni ya LOT, safari 16, ilitoka Marekani kwenda Warsaw, Poland. Mafuta ya hidroliki yalivuja, na njia ya pili ya umeme nayo ikakataa. Kapiteni Tadeusz Wrona alitua kwa tumbo, na watu wote 231 wakatoka wazima. Halafu ndege ilipoinuliwa, ilionekana disjonkteri moja ilikuwa imejikata. Waliirudisha, na miguu ikashuka.

Mnaona? Katika safari mbili za kwanza, si pane iliyoua watu. Ni kule kuitafuta bila kukumbuka kitu kingine. Katika ya tatu kitu kidogo hakikuonekana, lakini ndege iliendeshwa vizuri mpaka mwisho, na kila mtu akarudi kwake.

7. NASI JE?

Wengi wetu hatutajenga ndege. Lakini mtaitwa kutazama groupe iliyozimika usiku katika maternité, au lori lililokataa freni kwenye mteremko. Watu watakusanyika, kila mtu na neno lake. Siku hiyo kumbukeni: shika kwanza kile kinacholinda uhai wa watu, ndipo utafute pane. Weka taa ya mkono kwa mama anayezaa, ndipo ufungue groupe. Weka jiwe chini ya gurudumu, ndipo uingie chini ya lori.

Na ninyi wadogo katika garaji, mkiona hatari, semeni wazi hata kama fundi mkubwa iko anakunja uso. Nanyi wakubwa, msiwanyamazishe. Heshima haizuiliwi na kusema, "Baba, mafuta yanaisha."

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Cessna za MAF hazikunji miguu? Toa sababu tatu.
2. Pompi inatoa bari 60, na uso wa pistoni ni sentimeta mraba 4. Pistoni inasukuma kama uzito wa kilo ngapi?
3. Pompi inajiwasha kila dakika tatu ndege ikiruka, na hakuna tone la mafuta chini. Utatafuta wapi, na kwa njia gani?
4. Eleza maneno haya: "Taa si mguu."
5. Ndege ikipunguza mwendo kutoka kilometa 180 mpaka 90 kwa saa, nguvu ya upepo inapunguka mara ngapi?
6. Katika safari 173, nani alipaswa kufanya nini? Jadilini darasani.

Majibu ya namba 2 na 5 mpelekee mwalimu wenu wa fizikia. Mengine mzungumze ninyi kwa ninyi.